Jina la Mji katika Kinywa cha Lugha Nyingine: Iguguno na Historia ya Majina ya Mahali ya Iramba katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza kinachotokea jina la mahali linapotumiwa na kutamkwa katika lugha isiyo ya wenyeji wa mahali hapo. Kipimo cha kulinganishia ni majina ya miji ya Ufaransa katika Kiingereza, suala lililojadiliwa kwa muda mrefu. Kiini cha uchunguzi ni majina ya eneo la Iramba mkoani Singida, hususan Iguguno, jinsi yalivyoandikwa na kutamkwa katika Kiswahili tangu enzi ya ukoloni wa Kijerumani. Makala inadai kwamba mabadiliko ya matamshi si kosa bali ni kawaida ya lugha zote zinazokopa. Tofauti ya msingi iko kwingine. Umbo la Kiingereza la jina la mji wa Ufaransa halikuliondoa jina lake nyumbani, ilhali umbo la Kiswahili la majina ya Iramba limekuwa umbo pekee lililoandikwa, hata katika kibao cha mji wenyewe. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kwamba matamshi ya wenyeji yahifadhiwe kando ya tahajia rasmi, bila kuibadili tahajia hiyo.

1. Utangulizi

Iguguno ni mji mdogo na makao ya kata katika Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Iramba. Wenyeji wa eneo hilo kwa sehemu kubwa ni wasemaji wa lugha ambayo serikali na magazeti huiita Kinyiramba, na ambayo wanaisimu wengi huiita Kinilamba. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hiyo ni F31, jirani ya Kinyaturu (F32), na iko katika kanda moja na Kisukuma (F21) na Kinyamwezi (F22). Msomaji atakuwa ameona kwamba aya hii haijafika mwisho na tayari lugha moja imekwisha kupata majina mawili. Hilo halitokani na uzembe wa waandishi. Ni alama ya historia ambayo makala hii inaifuatilia.

Wataalamu wa elimu ya majina ya mahali hutofautisha endonimu, yaani jina ambalo wenyeji wa mahali hulitumia katika lugha yao, na eksonimu, yaani jina ambalo wasemaji wa lugha nyingine hulitumia kwa mahali palepale. Tofauti hii ilipata uzito wa kimataifa Umoja wa Mataifa ulipofanya mkutano wake wa kwanza wa kusanifisha majina ya kijiografia mjini Geneva mwaka 1967. Kwa kawaida mjadala wake huhusu nchi mbili zenye lugha mbili za kitaifa. Haujazungumzia vya kutosha hali ambayo lugha zote mbili zimo ndani ya nchi moja, na moja kati yake ndiyo inayoshika kalamu. Iguguno ni mfano wa hali hiyo.

2. Kipimo: mji wa Ufaransa katika Kiingereza

Mwingereza anapoutaja mji mkuu wa Ufaransa huitamka s ya mwisho, ambayo Mfaransa haitamki. Mtu anaweza kudhani kwamba Mwingereza ameyasoma maandishi vibaya. Historia inaonyesha vinginevyo. Majina mengi ya aina hii yaliingia katika Kiingereza zamani, wakati Wafaransa wenyewe walikuwa bado wanatamka konsonanti nyingi za mwisho wa neno. Kifaransa kiliendelea kubadilika, na Kiingereza kikabaki na umbo kililokopa. Eksonimu, kwa hiyo, mara nyingine huhifadhi sauti ambayo wenyeji wameiacha.

Calais ni mfano ulio bayana zaidi. Mji huo ulitawaliwa na Waingereza kuanzia mwaka 1347 hadi 1558, na kwa karne kadhaa waliutamka na kuuandika kwa namna iliyokaribia Kalis. Leo Mwingereza msomi hujitahidi kulitamka jina hilo kwa lafudhi ya Kifaransa, lakini katika jimbo la Maine nchini Marekani upo mji uitwao Calais ambao wakazi wake huutamka karibu na Kalas. Hakuna anayewaambia kwamba wamekosea jina la mji wao. Lyon na Marseille nazo ziliandikwa kwa Kiingereza zikiwa na s ya ziada mwishoni, na ni katika miaka ya karibuni tu ambapo wahariri wengi wa Kiingereza wameiacha s hiyo.

Mfano wa tatu una funzo la peke yake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza walipigana miaka mingi karibu na mji wa Ypres, nao wakaubatiza Wipers, hata gazeti lao la mahandakini lililoanza mwaka 1916 likabeba jina hilo. Kicheko cha askari hao kinaficha jambo muhimu zaidi. Ypres ni umbo la Kifaransa, lakini mji wenyewe uko Ubelgiji, katika eneo la wasemaji wa Kiholanzi, ambao huuita Ieper. Waingereza hawakulichukua jina kutoka vinywani mwa wakazi. Walilipokea kupitia lugha ya tatu iliyokuwa na hadhi katika utawala na ramani. Njia hii ya pembetatu ndiyo iliyopitiwa na majina ya Iramba.

3. Njia ya pembetatu: kutoka Kinilamba hadi ramani

Utawala wa Wajerumani ulipoenea bara mwishoni mwa karne ya 19, ulikuta Kiswahili kimekwisha kutangulia kwa miguu ya misafara ya biashara. Wajerumani wakakifanya lugha ya utawala wa ngazi za chini, wakatumia maakida na makarani waliofundishwa kusoma na kuandika kwa Kiswahili katika shule za pwani, Tanga ikiwa ya mbele. Mkalama ilijengewa boma, na kutoka humo orodha za kodi, barua na ripoti zilianza kuandikwa. Jina la kijiji lililotamkwa na mzee wa Kinilamba lilisikika kwanza katika sikio lililozoea Kiswahili, likaandikwa kwa herufi za Kiswahili, kisha likanakiliwa katika ramani ya Kijerumani.

Wajerumani waliongeza tahajia yao juu ya tabaka hilo. Ramani zao ziliandika Muansa, Udjidji na Kilimandscharo. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya vita, waliyaandika upya majina hayo kwa kanuni ambazo Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London ilikuwa imezitangaza mwaka 1885: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, na konsonanti kama za Kiingereza. Muansa ikawa Mwanza, Udjidji ikawa Ujiji. Kanuni hiyo ilikaribiana mno na tahajia ya Kiswahili iliyokuwa ikitumiwa na wamisionari wa pwani, na kwa sababu hiyo ilionekana kuwa ya haki kwa kila lugha ya Tanganyika. Katika majina yenye asili ya Kiswahili, au yenye mfumo wa sauti unaofanana na wake, kanuni ilifanya kazi vizuri. Katika majina ya lugha zenye sauti ambazo Kiswahili hakina, iliondoa kosa la Kijerumani na kuliacha lile lililotangulia bila kuonekana.

4. Ilamba au Iramba: kitambaza na kimadende

Ushahidi wa wazi zaidi uko katika jina la nchi na la watu wake. Maandishi yanatoa Ilamba na Iramba, Kinilamba, Kiniramba na Kinyiramba. Tofauti ni mbili: kitambaza /l/ dhidi ya kimadende /r/, na ni dhidi ya nyi.

Kiswahili hutenganisha /l/ na /r/ kifonimu, kwani kula si kura, na mahali si mahari. Mwandishi wa Kiswahili analazimika kuchagua herufi moja kila anaposikia sauti ya aina hiyo. Katika lugha nyingi za Kibantu za bara uchaguzi huo haupo, kwa kuwa sauti hizo mbili ni sura za fonimu moja. Waandishi walioisikia sauti ileile ya jina hili wakaigawa katika herufi mbili wametuachia, bila kukusudia, kumbukumbu ya namna masikio yao yalivyofunzwa.

Mmoja wao anastahili kuangaliwa kwa makini. Frederick Johnson, ofisa wa serikali ya kikoloni nchini Tanganyika, alichapisha katika miaka ya 1920 maelezo ya sarufi ya lugha hii, na mwaka 1931 akachapisha ngano zake, yote katika jarida la Bantu Studies. Katika kazi zote mbili aliiita Kiniramba. Johnson huyohuyo ndiye aliyekuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na ndiye aliyeongoza kazi ya kamusi sanifu ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939. Mtu aliyesikiliza lugha ya Iramba kwa uangalifu kuliko maofisa wengi wa wakati wake ndiye pia aliyesimamia usanifishaji wa lugha ambayo ingeyapa majina ya Iramba sura yake ya kudumu. Kuna mkutano wa ajabu hapa wa kazi mbili katika kalamu moja: kuihifadhi lugha moja kwa maandishi, na kuijenga nyingine iwe ndiyo lugha ya maandishi.

Umbo la nyi lina maelezo ya kimofolojia. Mswahili wa pwani alikuwa amezoea Wanyamwezi na Wanyaturu, ambamo nya hufuata kiambishi wa-. Wanyiramba inakaa vizuri katika safu hiyo, ilhali Wanilamba haifanani na jamaa zake. Hata jina Wanyaturu lenyewe ni la majirani na wageni, kwani wenyewe hujiita Arimi. Kiswahili, kama lugha yoyote, hulipokea jina geni kwa kulitafutia ndugu ndani ya nyumba yake.

5. Iguguno: yanayoandikwa na yasiyoandikwa

Jina Iguguno kwa macho halina tatizo lolote. Halina l wala r, halina nazali mbele ya konsonanti, na silabi zake zote nne zimo katika hazina ya Kiswahili. Msomaji yeyote wa Kiswahili atalisoma bila kusita, akiuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: iguGUno. Wepesi huo ndio unaolifanya liwe mfano mzuri, kwa sababu jina linaloonekana kuwa salama hutufundisha zaidi kuhusu kinachopotea kimyakimya.

Kwanza ni irabu. Kiswahili kina irabu tano. Lugha za Kanda F kwa kawaida zina saba, zikitenganisha irabu mbili za aina ya i na mbili za aina ya u. Wanaoziandika lugha hizo leo hutumia herufi ɨ na ʉ ili kuonyesha tofauti hiyo. Iguguno ina i moja na u mbili. Kwa kila moja ya nafasi hizo tatu, tahajia rasmi haimwambii msomaji ni irabu ipi kati ya mbili iliyomo. Pili ni toni. Kinilamba ni lugha ya toni, na Kiswahili si ya toni. Mkazo wa Kiswahili hufika pale pale katika kila neno, kwa hiyo hauwezi kubeba habari ambayo toni ilikuwa inaibeba. Mwenyeji hutambua toni hiyo kwa sababu aliisikia kwa mama yake. Mgeni, mwalimu aliyehamishiwa hapo, au mjukuu aliyelelewa Dar es Salaam hawana pa kuipata.

Tatu ni kiambishi. Majina mengi ya kanda hii huanza na i-: Iguguno, Ibaga na Ilunda katika Mkalama, Ilongero, Ikungi na Itigi kwingineko mkoani Singida, Igunga katika mkoa jirani wa Tabora. Katika lugha za kanda hii i- ni kiambishi cha ngeli ya 5, ile ambayo katika Kiswahili huonekana kama ji- katika jicho na jino, au haionekani kabisa katika shamba na tunda. Si lazima kila i- ya mwanzo iwe kiambishi hicho, na kila jina linahitaji uchunguzi wake. Lakini Kiswahili hakiulizi swali hilo. Huichukua i- kuwa sehemu ya shina, kisha hulitia jina zima katika upatanisho wake: Iguguno imekua, Iguguno kumenyesha. Mgawanyo wa ndani wa neno unafungwa, na pamoja nao mlango wa kuitafuta maana.

Orodha ya kata za Mkalama inaonyesha pia kwamba mchakato huu haukuwa na mkono mmoja. Wilaya yenyewe huandikwa kwa Mk-, lakini kata zake za Nkalakala na Nkinto huandikwa kwa Nk-, mfuatano ambao Kiswahili sanifu hakina mwanzoni mwa maneno yake. Kata ya Kikhonda huandikwa kwa kh, na msomaji aliyeizoea kh ya maneno yenye asili ya Kiarabu hana njia ya kujua kutokana na maandishi kama ndiyo sauti inayokusudiwa. Mahali pengine karani alisawazisha, mahali pengine alijaribu kufuata sikio lake. Majina haya ni tabaka juu ya tabaka, kama udongo wa bwawa, na kila tabaka lina wakati wake.

6. Kwa nini Unguja ilibaki na jina lake

Kiswahili chenyewe kimewahi kuwa upande wa kupewa majina. Ulimwengu ulikiita kisiwa kikuu cha visiwa vya pwani hii Zanzibar, jina lililotokana na lugha za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Wenyeji waliendelea kusema Unguja. Mombasa ilijulikana hivyo kwa mabaharia na katika ramani, na washairi wake wakaendelea kuiita Mvita. Majina hayo ya nyumbani hayakufa, kwa sababu yalikuwa na mahali pa kuishi katika maandishi: katika tenzi, nyaraka na barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya ukoloni.

Hali ya Lyon ni hiyohiyo. Waingereza waliongeza s, lakini kibao cha stesheni ya Lyon hakikubadilika. Mkazi wake hakuwahi kujifunza kuliandika jina la kwao kutoka kwa Mwingereza. Hapa ndipo ulinganishi na Iguguno unapofika ukomo. Mtoto wa Iguguno hujifunza kusoma kwa Kiswahili, kwani hiyo ndiyo lugha ya elimu ya msingi nchini tangu mwaka 1967. Jina la kijiji chake analiona kwa mara ya kwanza ubaoni, kwa tahajia ya Kiswahili. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilisajili vijiji kwa tahajia hiyo. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliyabandika majina ya mitaa na barabara nchi nzima kwa tahajia hiyo. Eksonimu imerudi nyumbani na kukaa mahali pa endonimu, na kwa kuwa zinafanana karibu herufi kwa herufi, hakuna aliyeona mwenye nyumba akitoka.

7. Hoja za kupinga, na linalowezekana

Zipo hoja nzito dhidi ya mtazamo huu. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili si lugha ya mgeni Tanzania. Ni lugha ya taifa, iliyounganisha wasemaji wa lugha zaidi ya mia moja, na tahajia moja ya majina ni sehemu ya umoja huo. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayoutenga mfano wa Iguguno na ule wa ukoloni: hakuna aliyekusudia kunyang'anya. Lakini umoja wa tahajia haudai kusahauliwa kwa matamshi. Ufaransa yenyewe inafundisha kwa upande wa pili. Majina mengi ya Brittany na ya kusini mwa nchi hiyo yaliandikwa kwa sura ya Kifaransa kwa muda mrefu, na leo miji mingi ya huko ina vibao vyenye majina mawili, bila dola kutetereka.

Hoja ya pili ni ya kiutendaji. Kuingiza ɨ na ʉ katika hati za ardhi, vitambulisho na ramani kutazaa mkanganyiko, kwani mtu ambaye cheti chake kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile huishia kuzungushwa ofisini. Hoja hii inapaswa kukubaliwa yote. Tahajia rasmi ikishaota mizizi ni mali ya umma, na kuibadilisha kwa ajili ya usahihi wa kiisimu ni kumtwika mwananchi gharama ya utafiti.

Kinachobaki ni jambo dogo na linalowezekana. Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilionyesha lugha zinazungumzwa wapi na watu wangapi. Hatua inayofuata ni sajili ya majina ya mahali yenye safu tatu: tahajia rasmi kama ilivyo, matamshi ya wenyeji yaliyonukuliwa pamoja na irabu na toni zake, na sauti ya mzee wa mahali hapo ikilitamka jina na kusimulia anachokijua juu yake. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Inaweza kugawiwa wanafunzi wa shahada ya umahiri, kata kwa kata, na kata za Mkalama peke yake zinatosha kuanzisha tasnifu kadhaa. Faida yake kwa isimu linganishi ni kubwa, kwa kuwa majina ya mahali huhifadhi maumbo ambayo lugha ya kila siku imeyaacha, kama s ya mji mkuu wa Ufaransa ilivyohifadhiwa kinywani mwa Mwingereza.

8. Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba lugha inayokopa jina la mahali hulitamka kwa sauti zake, hulipa mkazo wake na hulitia katika ngeli zake. Kiingereza kilifanya hivyo kwa miji ya Ufaransa, na Kiswahili kimefanya hivyo kwa Iguguno na jirani zake. Kwa hilo hakuna anayestahili lawama. Jambo linalostahili kupimwa ni kama jina la nyumbani lina mahali pake pa kuandikwa. Lyon inapo, na Unguja inapo. Majina ya Iramba yamebaki na kinywa peke yake, na wanaoyatamka kwa irabu saba ni wazee. Katika stendi ya mabasi ya Singida, utingo ataendelea kuita Iguguno kwa mkazo wa Kiswahili, na abiria wake watapanda bila kujiuliza. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Wajibu wa wanaisimu ni kuhakikisha kwamba siku mmoja wa abiria hao atakapotaka kujua bibi yake aliitaje Iguguno, jibu litakuwa limewekwa mahali.